Eti daraja la tatu haliendi chuo! Mzee huyu anyang'anywe kipaza sauti

Wanajukwaa, salaam. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa nyote mnamfahamu: ni yule ambaye hakuna harusi wala msiba asiokuwa msemaji wake mkuu. Jana jioni, mbele ya kamati nzima ya harusi, wakiwamo wakwe, aliisoma simuni karatasi ya matokeo ya kidato cha sita ya mpwa wangu, kisha akatangaza kwa sauti iliyosikika hadi Kigamboni: “Pointi 13! Daraja la tatu haliendi chuo, likashone nguo!” Wakwe wakacheka. Wakwe!

Binti ana C ya Historia, D ya Jiografia na S ya Kiswahili, yaani alama iliyo chini ya E. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, ndiyo maana pointi zake zimefika 13. Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu A kuwa 5, na hutaka masomo mawili yenye E au zaidi yafikishe pointi 4. C na D ni 5. Anastahili kuomba shahada, lakini ameambiwa akashone nguo, tena mbele ya wakwe!

Kaka Mtulivu: Mzee amekosea hesabu, lakini mtoto wa Kitanzania anapataje S katika lugha anayogombania daladala?

Mleta uzi: Mada si Kiswahili. Mada ni kwamba alisema “likashone nguo”.

Fundi Cherehani: Na kushona nguo kuna ubaya gani? Sare za hiyo harusi mtavalishwa na profesa?

Mama Nasra: Kustahili si kuchaguliwa, ndugu yangu. Kila kozi ina masharti yake, na ushindani ukiwa mkali hizo 5 zitabaki kuwa pambo.

Mhenga wa 2014: Ninyi mnadekezwa. Sisi tuliomaliza 2014 na 2015 tulidaiwa C mbili, na C yetu ilihesabiwa 2, ilhali ya mpwa wako ni 3. Nani alitulilia?

Stashahada Tupu: Afadhali ninyi wa kidato cha sita. Mimi nina stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.9, na mlango wa shahada unafunguka kwa 3.0. Yupo mkufunzi mmoja, wenzangu mnamjua, aliyeninyima alama za mazoezi kwa sababu ya kofia.

Kaka Mtulivu: Kofia ya aina gani?