Wahitimu wa kompyuta wa kata za tambarare, Moshi Vijijini: wapelekwe wapi kujifunza kazi?

Mwalimu wa Tambarare (Kahe)

Salaam kwenu wadau. Nafundisha sekondari ya kata huku tambarare, na kwa muda sasa mimi na wenzangu tumekuwa tukiendesha darasa la kompyuta jioni na Jumamosi kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na hawakuchaguliwa kuendelea. Tunatumia kompyuta mpakato zilizokwishatumika pamoja na vishikwambi ambavyo sisi walimu tulipewa baada ya Sensa ya 2022, na bando tunachangishana. Wanajifunza kuchapa bila kutafuta herufi, kupanga hesabu kwenye Excel, kuandika baruapepe rasmi na kutambua ujumbe wa matapeli kabla hawajaujibu.

Shida inaanza pale wanapomaliza. Ofisi za mjini tulizoziandikia zinapokea vijana wa vyuo tu, wenye barua ya chuo na fomu ya tathmini, na kijana mmoja aliyepata nafasi kwa kujuana alirudi akisema kwamba kazi aliyoielewa vizuri ni kupeleka mafaili na kuagiza chai. Halafu kuna nauli. Kwenda Moshi mjini na kurudi kila siku bila posho ni kutumia fedha ambayo nyumbani kwao ni ya unga, na wazazi wa mabinti hawapendi warudi giza limeingia, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. Baada ya miezi michache bila kugusa kompyuta, wengi wamesahau.

Sitafuti mfadhili wa kununua kompyuta zaidi. Ninachouliza ni hiki: kwa kijana wa kijijini mwenye cheti cha darasa letu tu, ambacho hakitambuliwi popote, mafunzo kwa vitendo yafanyike wapi, chini ya nani, na nani alipe nauli?

Katibu AMCOS (Kibosho)

Mwalimu, heshima yako. Nadhani barua zako zimepelekwa kusiko na kazi. Kazi ipo vijijini, na kwetu kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, imelundikana.

Tangu Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilipoleta MUVU, yaani mfumo wa kielektroniki wa kusimamia vyama vya ushirika, taarifa za wanachama na hesabu zetu zinatakiwa ziingizwe humo, ilhali ushirika wa kahawa mkoani kwetu ni wa tangu enzi za KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kilichoanzishwa 1933, na tabia ya kutegemea leja ya karatasi imetuganda. Mwanachama yuleyule ameandikwa Aloyce kwenye leja, Aloisi kwenye kadi ya chama na Aloys kwenye kitambulisho cha taifa, na akina Massawe kwetu ni kama nusu ya kijiji. Mfumo unawaona kuwa ni watu watatu, na malipo yakienda kwa asiyestahili, mkutano mkuu haukaliki.

Tulimchukua binti wa kijijini aliyesoma kozi fupi kama ya kwenu. Hatukumpa kompyuta kwanza. Tulimpa leja na orodha ya simu, akawa anampigia kila mwanachama, na asiye na simu anamfuata shambani, anaomba kitambulisho, analinganisha herufi kwa herufi, kisha anarudi ofisini kurekebisha. Msimu wa kahawa ulipofika alikaa kwenye mizani na mpokeaji wetu, akiingiza kilo za kila mkulima kabla mkulima hajaondoka, ili ubishi wowote umalizwe papo hapo na gunia likiwa bado linaonekana. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kosa la tarakimu moja ni fedha ya mtu.

Kuhusu nauli na chakula, tuliviingiza kwenye makisio ya mwaka na mkutano mkuu ukayapitisha, ingawa haikuwa rahisi, maana wazee waliuliza kwa nini chama kimlipe mtu anayejifunza. Walilegea walipoonyeshwa orodha ya majina yao wenyewe yaliyokosewa. Huko kwenu hakuna kahawa, lakini kuna mpunga. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Japani, na pale Chekereni zamu za maji, ada na ukubwa wa mashamba ni taarifa zinazohitaji mtu makini wa kuzitunza. Anzeni kugonga mlango huo.

Dada wa Steshenari (karibu na stendi kuu, Moshi)

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Katibu. Naunga mkono, lakini naomba steshenari zisisahaulike, kwa sababu mwananchi wa kawaida anapokutana na serikali ya kidijitali, mara nyingi anakutana nayo kwenye kaunta kama yangu: maombi ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal, namba ya mlipakodi (TIN), zabuni za serikali kwenye mfumo wa NeST, na kila mwaka mikopo ya elimu ya juu ya HESLB.

Mkopo peke yake ni darasa zima. Kijana anatakiwa ajue kwamba cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwamba jina la kwenye cheti lisipofanana na la matokeo ya kidato cha nne kuna utaratibu wa kufuata kabla ya kuendelea, na kwamba fomu iliyochapishwa inarudi kwa serikali ya mtaa na kwa wakili, isainiwe na kugongwa muhuri, ndipo iskaniwe na kupakiwa tena. Ukurasa mmoja ukikosa saini, mwombaji anaweza kuukosa mkopo, na hatarudi kwako kukushukuru.

Sasa niseme yanayonikera. La kwanza, wapo wenye biashara wanaosema kijana "anajitolea" wakati anahudumia wateja wanaolipa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Huyo ni mfanyakazi wa bure. Kwangu anayejifunza hukaa pembeni ya mzoefu, na siku anapoanza kumhudumia mteja peke yake anaanza kulipwa kwa kila kazi. La pili ni siri za watu. Nimewahi kuona, kwenye duka ambalo silitaji, daftari lenye namba za NIDA na maneno ya siri ya wateja likiwa wazi kando ya mashine ya kutolea kopi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, lakini kaunta nyingi bado zinaendeshwa kama vile haipo. Mwalimu, kabla ya kumpeleka kijana popote, mfundishe kwamba mteja anaandika neno lake la siri mwenyewe, na kwamba picha za vyeti zinafutwa kwenye kompyuta na kwenye WhatsApp kazi ikiisha.

Mkufunzi TEHAMA (Njiro, Arusha)

Ndugu Mwalimu, niongeze upande wa utaratibu, kwa sababu hapo ndipo barua zenu zinapokwama. Mwongozo wa taifa wa mafunzo tarajali (internship) wa 2017 unamlenga mhitimu wa chuo, na nafasi zinazoratibiwa na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ziko katika mkondo huohuo. Kijana wenu anaingia vizuri zaidi upande wa uanagenzi, ambako mtu hujifunza sehemu chuoni na sehemu kazini. Fuatilieni matangazo yake kupitia ofisi ya maendeleo ya vijana ya halmashauri na kwenye chuo cha VETA pale Moshi, ila msiyasubiri, kwa kuwa nafasi hutoka kwa awamu.

Wakati mnasubiri, andaeni makubaliano ya ukurasa mmoja yenye saini tatu: ya darasa lenu, ya mwenye ofisi na ya kijana, na ya mzazi pia kama kijana hajatimiza miaka 18. Yataje msimamizi kwa jina, saa za kutoka, nani analipa nauli, na kazi ambazo kijana ataachiwa afanye mwenyewe. Kijana awe na daftari la kazi linalosainiwa kila Ijumaa. Mwajiri wa baadaye akiliona daftari lile, lenye makosa yaliyorekebishwa na tarehe zake, atalithamini kuliko cheti chenye nembo ya dhahabu.

Natofautiana kidogo na Dada. Steshenari ni shule nzuri ya fomu, lakini aliyeishia hapo hajui kompyuta inapogoma kuwaka aanzie wapi. Kila kijana apite sehemu mbili, na moja iwe ya kushika bisibisi.

Watu hudhani pengo hili litazibwa na minara ya simu. Mwaka 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na mwaka uliotangulia shirika la simu la TTCL lilikuwa limefikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwa ajili ya wapanda mlima. Penye sababu ya kuipeleka, mawimbi hufika. Lakini ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ilikadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 2.6 duniani hawakuwa wakitumia intaneti, na barani Afrika waliokuwa wakiitumia walikuwa asilimia 38, na wengi wa waliobaki nje wanaishi chini ya mawimbi hayohayo. Wanakosa simu inayofaa, fedha ya bando, ujuzi, au mtu wa jirani wa kuwaelekeza. Kijana wako akiwa ofisi ya skimu, huyo mtu wa jirani amepatikana. Kuhusu kusahau, wekeni Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, kwenye kompyuta moja, masomo yapatikane bila bando hata kidogo.

Mwalimu wa Tambarare (Kahe)

Ahsanteni sana. Suala la siri za wateja hatukuwa tumelifundisha kabisa. Linaingia darasani Jumamosi hii. Barua kwa viongozi wa skimu tutaiandika na vijana wenyewe. Vijana wakishajua kazi tutawasaidia waunde kikundi na kuomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ambao asilimia 4 yake ni ya vijana, ili steshenari ya kwanza ya huku isisubiri mtu atoke mjini.

Katibu, tunaweza kuja na vijana wachache kuona jinsi mnavyosafisha leja kabla ya msimu wa kahawa?

Katibu AMCOS (Kibosho)

Karibuni, ila wasizidi wanne, ofisi ni ndogo. Njooni asubuhi kabla wazee hawajaanza kufika, na mbebe kompyuta yenye betri inayokaa, kwa kuwa umeme kwetu hukatika mchana.