Govi linalobana kwa mtu mzima: je, kuna tiba isiyohitaji kisu?

Msafiri_wa_Usiku aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mtu mzima ambaye sijatahiriwa, na tangu ujana wangu govi halijawahi kurudi nyuma kikamilifu. Uume ukiwa umelala ninaweza kulivuta hadi nusu ya kichwa, lakini ukisimama ngozi hubana kama pete, na nikilazimisha huchanika. Kukojoa hakunipi taabu yoyote. Daktari niliyemwona alitazama kwa haraka na kunishauri nitahiriwe, bila kutaja njia nyingine. Siipingi tohara, ila ningependa kujua kwanza kama ipo tiba nyingine, inafanyaje kazi, na ni wakati gani haifai hata kujaribiwa.

Tabibu_Mstaafu alijibu:

Ndugu, tiba ipo, lakini kwanza ijulikane kwa nini govi linabana, kwa kuwa si kila govi linalobana lina chanzo kimoja. Karibu watoto wote wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikamana na kichwa cha uume, kisha huachana polepole kadiri wanavyokua. Daktari wa Denmark, Jakob Øster, alichapisha mwaka 1968 matokeo ya kuwachunguza wavulana wa shule, na aliona govi linalobana kwa takriban asilimia 8 ya wenye umri wa miaka 6 hadi 7, lakini kwa takriban asilimia 1 tu ya waliofika miaka 16 na 17. Wewe umo katika kundi hilo dogo ambalo ngozi haikulegea yenyewe. Ikiwa mdomo wa govi bado ni laini na una rangi yake ya kawaida, kuna matumaini mazuri ya kuulegeza kwa dawa.

Dawa inayotumika zaidi ni krimu ya steroidi, mara nyingi betamethasoni ya asilimia 0.05, ambayo hupakwa kidogo mara mbili kwa siku kwa wiki 4 hadi 8, pale panapobana tu, si uume mzima. Hupunguza uvimbe na kuifanya ngozi iwe nyembamba na yenye kunyumbulika zaidi, na sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya isitumiwe ovyo kwa miezi mingi. Tafiti nyingi, ambazo kwa sehemu kubwa zimefanywa kwa watoto na vijana, zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hupona bila upasuaji, na katika baadhi ya tafiti idadi hiyo ni kubwa zaidi.

Ukiona mdomo wa govi umekuwa mweupe, mgumu na wenye makovu, huenda ni ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosa. Huo huhitaji steroidi yenye nguvu zaidi chini ya uangalizi wa daktari, na mara nyingi huishia kwenye tohara, kwani kovu halinyooki kama ngozi nzima.

Mkaa_Kimya alijibu:

Naongeza jambo ambalo mimi sikuelezwa vizuri nilipoandikiwa krimu hiyo: krimu peke yake haitoshi, ni lazima ngozi inyooshwe. Baada ya kuoga kwa maji ya vuguvugu, vuta govi taratibu hadi uhisi limekaza, lakini lisiume, shikilia kwa muda mfupi, liachie, kisha rudia mara chache. Maumivu ni ishara ya kusimama, kwa sababu kila mchaniko huacha kovu dogo linaloweza kuongeza ubanaji uleule unaoutibu. Mimi nilihitaji subira kuliko nguvu.

Usisahau kulirudisha govi mahali pake kila unapomaliza. Likikwama nyuma ya kichwa, sehemu hiyo huvimba na damu haipiti vizuri, na hapo hakuna kusubiri asubuhi. Nenda hospitali mara moja. Baada ya kupona pia, endelea kulivuta na kuosha kwa maji kila siku, la sivyo ubanaji unaweza kurudi.

Mama_Wawili aliuliza:

Naomba kuingilia. Mwanangu ana miaka minne, govi halifunguki, na anapokojoa hujaa kama puto kabla mkojo haujatoka. Je, nianze kumpaka dawa hiyo?

Tabibu_Mstaafu alijibu:

Dada, katika umri huo govi kutofunguka ni jambo la kawaida, na kujaa wakati wa kukojoa peke yake si ugonjwa, mradi mkojo unatoka vizuri na mtoto hana maumivu. Osha kwa nje tu, na mtu yeyote asilivute kwa nguvu, hata akiwa mhudumu wa afya. Mpeleke kwa daktari ikiwa anapata homa ya maambukizi ya mkojo, uvimbe na usaha unaojirudia, au mkojo unaotoka kwa matone.

Mzee_wa_Busara alijibu:

Kwa nini kuhangaika na krimu wiki nzimanzima, ilhali tohara humaliza jambo kwa siku moja?

Tabibu_Mstaafu alijibu:

Mzee wangu, tohara ni tiba halali na yenye uhakika, lakini ni upasuaji, na kidonda chake huchukua wiki kadhaa kupona. Asiye na kovu hapotezi kitu akianza na krimu. Ikishindikana, tohara bado ipo, na upo pia upasuaji mdogo wa kupanua mdomo wa govi bila kuliondoa.

Ndugu Msafiri, kwa upande wako naongeza mawili. Kama kuna mwasho, wekundu au ute mweupe wenye harufu, fangasi au maambukizi yatibiwe kwanza, kwa kuwa steroidi inaweza kuyachochea. Na kama ubanaji umezidi siku za karibuni, pamoja na mipasuko midogo isiyopona, pima sukari kwenye damu, kwani wakati mwingine kisukari hujitokeza kwa njia hiyo kwa wanaume watu wazima. Uvimbe mgumu, kidonda kisichopona au damu inayotoka chini ya govi usivipakie krimu yoyote kabla ya kuonwa na daktari wa njia ya mkojo.

Msafiri_wa_Usiku alijibu:

Nashukuru sana. Ngozi yangu haina weupe wala ugumu, kwa hiyo nitarudi kwa daktari nimwombe achunguze vizuri na kuniandikia krimu, na sukari nitaipima siku hiyohiyo.