Uliyechapisha utafiti wako wa shahada ya kwanza kwenye jarida la wanafunzi, tupeane uzoefu

Kalamu Moja (mleta mada)
Wakuu, salaam. Inaniuma kuona ripoti nzuri za mwaka wa mwisho zinapewa alama kisha zinaishia kabatini. Majarida ya wanafunzi yapo kwa ajili ya kazi hizo hizo. Aliyepita njia hii atueleze ilikuwaje.

Naanza mimi. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kupunguza. Ripoti ilikuwa na maswali manne ya utafiti, makala yakabeba moja tu. Msimamizi wangu alinitaka nichague jedwali moja ambalo ningeweza kulitetea hata nikiamshwa usingizini, kisha makala yote yajengwe juu yake. Mapitio ya machapisho, yaliyokuwa sura nzima, yakabaki aya chache. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, niliiandika mwisho kabisa. Kuacha kurasa nilizozihangaikia kuliniuma, lakini hapo ndipo nilipoelewa hasa nilikuwa nimegundua nini.

Takwimu Kwanza
Asante kwa mada, mkuu. Mimi niseme juu ya wahakiki, wale wanaolipima andiko kabla halijachapishwa. Kwenye jarida letu hawakujua jina langu, wala mimi sikujua yao. Mmoja aliuliza kwa nini nimetumia wastani wakati wachache wenye thamani kubwa mno walikuwa wanauvuta juu. Alishauri mediani, yaani thamani ya katikati data zikipangwa kwa ukubwa. Nikakokotoa upya: tofauti kati ya makundi ilibaki, ila ikawa ndogo, na nikaandika hivyo hivyo.

Majibu niliyapanga kwenye jedwali: hoja ya mhakiki, jibu langu, ukurasa niliorekebisha. Hoja moja sikukubaliana nayo, nikaeleza sababu kwa adabu na mhariri akaridhika. Jamani, ukiambiwa "marekebisho makubwa" usikate tamaa! Andiko lako bado linafikiriwa. Wengi huishia hapo na kazi zao nzuri.

Binti wa Maabara
Walio kwenye vikundi, malizeni suala la majina mapema, kabla ya kuandika. Sisi tulifuata vigezo vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Mwandishi ni yule aliyechangia kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi. Akashiriki kuandika au kuhakiki andiko. Akaidhinisha toleo la mwisho. Na akakubali kuwajibika kwa kazi. Vyote vinne, si kimojawapo. Mwenzetu aliyetusaidia kupata vifaa tulimtaja kwenye shukrani, na tulimweleza sababu kabla hatujatuma.

Mwaka wa Tatu
Shikamooni wakubwa. Mimi nataka kuhoji watu kuhusu afya zao. Kibali cha maadili naweza kuomba nikishajua kama nitachapisha?

Takwimu Kwanza
Marahaba, mdogo wangu. Omba kabla ya kumhoji mtu wa kwanza. Kwa kawaida kamati za maadili hazitoi kibali cha kazi iliyokwisha kufanyika, na mhariri atataka namba ya kibali. Fomu ya ridhaa nayo iseme wazi kuwa matokeo yanaweza kuchapishwa, maana aliyekubali kusaidia mtihani wako hajakubali kila kitu.

Mwaka wa Tatu
Nashukuru sana. Na je, nikichapisha kwenye jarida la wanafunzi, naweza baadaye kupeleka makala hayo hayo kwenye jarida kubwa?

Kalamu Moja
Hapana, makala yale yale hayachapishwi mara mbili. Kama msimamizi wako anaona matokeo yana uzito wa jarida la wabobezi, amueni pamoja mapema. Unaweza kutoa swali moja huku na jingine kule, mradi kila andiko lisimame lenyewe na limtaje mwenzake.

Na ukitumiwa barua pepe ya kukusifu, inayoahidi kuchapisha haraka ukilipa, usijibu kwanza. Tafuta jarida hilo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria (yanayosomwa bure mtandaoni) iliyoanza 2003. Majarida mengi ya wanafunzi hayamo humo, kwa hiyo kutokuwamo pekee si ushahidi wa utapeli. Muulize mkutubi, angalia bodi ya wahariri ni akina nani, na usome makala mawili matatu ya toleo lililopita.