Mtambo wa gesi wa umeme na joto: utatufaa Pemba?

Mkulima_Wete:
Asalaam alaykum jamani. Mie naanika karafuu majamvini. Vuli mvua ikikamata, karafuu zinavunda, rangi inakwenda, na bei inakwenda nayo. Nasikia Japani wana mtambo wa nyumbani unaotoa umeme na maji moto kwa gesi. Hilo joto nalitaka kuliko hata umeme. Jee, utastahamili chumvi ya huku?

Fundi_Chake:
Waalaykum salaam. Unaitwa Ene-Farm, umeuzwa kule tangu 2009, wati 700 hivi. Umeme wake hautokani na jenereta: haidrojeni inatolewa kwenye gesi, inakutana na oksijeni ya hewa ndani ya seli (fuel cell), unapata umeme, joto na maji. Maji ya tangi hufika nyuzi 60 hivi. Ukiyapitisha kwenye mabomba chini ya vichanja, banda linakauka. Ila bei kaka, ni kubwa. Ndani mna platinamu.

Bi_Mkoani:
Chumvi inataka kichungi kizuri cha hewa. Mie naogopa zaidi salfa. Ile harufu ya gesi ya mtungi ni salfa, isipochujwa inaua seli. Na ile mitambo ya aina nyingine, yenye seli za kauri, hufanya kazi kwenye nyuzi 700 kwenda juu. Ukiwasha na kuzima kila mara, kauri inapasuka.

Mkulima_Wete:
Ahsanteni sana. Basi ya kauri hainifai, mie nitawasha msimu tu. Fundi, hicho kichungi cha salfa kitabadilishwa na nani hapa kisiwani?