Nina akiba kidogo, nisafiri Zanzibar na Kilwa au ninunue mbao? Naombeni ushauri

FundiLangoni (Lamu)

Asalaam alaykum wadau, hamjambo nyote. Mimi ni kijana wa Amu, kazi yangu kuchonga, milango, masanduku, fremu za vioo, nimefunzwa na ami yangu tangu niko shule ya msingi na sasa nina miaka 26. Sijaoa. Mbali nilikofika ni Mombasa tu, na huko nilipeleka mzigo wa mteja nikageuza.

Ishu ni hii. Nimesevu kama laki moja na ishirini na roho yangu inataka kusafiri, nishuke na pwani mpaka Tanga, nivuke Unguja, na nikijaaliwa nifike Kilwa, mwezi hivi au zaidi kidogo, nikaone milango ya wenzetu na mafundi wao wanavyofanya kazi. Kila siku nachonga nakshi zile zile nilizofundishwa, mgeni akiniuliza kwa nini ya Siyu, hapo kisiwani Pate, iko hivi na ya Unguja iko vile namjibu kwa yale niliyoyasikia, sijaiona ya Unguja kwa macho yangu. Watu wanatoka Italia na Ujerumani wanakuja kupiga picha mlango niliouchonga mimi, na mimi sijavuka hata mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania. Linaniuma wallahi.

Ami anasema pesa hiyo ninunue mbao za mbambakofi saa hii kabla bei haijapanda tena, mama naye anataka nianze kujitayarisha kuoa. Ami ndiye aliyenilea na sitaki kumvunjia heshima, lakini yeye kwake kutembea ni mambo ya mwenye nacho. Sasa nauliza waliotembea, mlipata nini cha kweli huko? Na kama faida ipo nimwambieje ami akanielewa?

Mwanasiti_Mld

Waalaykum salaam kaka. Mimi niko Malindi, nashona madera na magauni ya harusi. Nilikwenda Kampala na dadangu mmoja kwa kitambulisho tu, maana Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti, huku kwetu wengi hawajui hilo wanafikiri kila nje ni pasipoti na visa. Tulipanda basi mpaka Busia tukavuka. Kule soko la Owino nilikaa karibu na akina mama wanaoshona gomesi, yale magauni ya Kiganda ya mabega yaliyosimama, nikawa naangalia tu wanavyosimamisha yale mabega na wanavyokata kitambaa bila kupoteza hata kipande, wakaniona nashangaa wakaniita nikae. Hawakunidai hata shilingi. Niliporudi kuna kitu kilikuwa kimebadilika katika kukata kwangu na wateja walikiona kabla sijawaambia nimetoka wapi. Na bei pia, nilikuwa nanunua kitambaa kwa mtu wa tatu wa nne hapa mjini, sasa nina namba ya mwenye duka mwenyewe.

Kwa hiyo mimi nasema nenda. Lakini kabla hujaenda huko mbali umewahi kuingia magofu ya mji wa kale wa Gede? Iko hapo tu njia ya Watamu, mwaka 2024 UNESCO wameiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia, na watoto wa Malindi tunaipita na matatu kila siku. Vyombo vya China vimechimbuliwa mle ndani. Basi lako la Mombasa linapita pale pale, shuka uone.

Bajuni_Halisi

Mimi nitasema tofauti na msinichukie. Laki na ishirini kwa kijana wa Amu si pesa ya kuchezea, msimu wageni wakipungua utaitafuta usiione. Picha za milango ya Zanzibar zimejaa kwenye simu, unaikuza mpaka unaona kila ua. Nunua mbao, chonga, uza, ile faida ndio utembee nayo. Ami yako ana haki.

NahodhaMkomani

Kijana wangu Bajuni, picha haikwambii patasi imeingia kina gani. Haikwambii mti gani, wala ule mlango ukiusukuma una uzito gani, wala fundi alianzia wapi akamalizia wapi. Hayo yataka mkono uguse.

Sasa nikujibu wewe mwenye uzi. Ami yako akikwambia kutembea ni kwa wenye nacho mkumbushe, kwa adabu, kwamba mji huu umejengwa na watu wanaotembea. Mimi nimewahi majahazi yanapakia boriti hapa, kabla serikali haijapiga marufuku boriti kwenda nje, wanangoja kusi iwapeleke Arabuni na kaskazi iwarudishe. Na upepo haukuhimizi kama basi. Ukifika bandari ya watu unakaa miezi kungoja msimu ugeuke, na katika kukaa huko ndiko watu walikojifunza, mwingine akafunzwa kushona tanga kwa njia nyingine, mwingine akaoa, mwingine akasoma kwa masheikh wa huko akarudi na elimu. Hawakuwa matajiri hao, walikuwa mabaharia, wengine hata viatu hawana. Mwaka 1415 twiga alitoka Malindi akafikishwa China kwa mfalme wao, sasa fikiri wale watu wa Malindi waliofuatana naye waliona nini njiani. Na wewe mjukuu wao unaambiwa Unguja ni mbali!

Nakuombea kitu kimoja tu, usiende mbio mbio. Watu siku hizi wanakwenda miji mingi kwa wiki moja wanarudi na picha elfu na ukiwauliza jina la mtu mmoja waliyekaa naye hawana. Chagua pahala pawili ukae.

MalindiYaUnguja

Mimi niko Unguja, mtaa wetu nao unaitwa Malindi hapa hapa Mji Mkongwe, kwa hiyo tushakuwa jirani. Ndugu yangu ukija usinase Forodhani ukala urojo na pweza ukasema umeiona Zanzibar. Ingia vichochoroni asubuhi mapema kabla jua halijapanda, ndio mwanga unalala ubavuni na nakshi zinasimama, saa sita mchana zote zinaonekana bapa.

Utazame juu ya mlango kwanza. Ile iliyonyooka juu, mstatili, ndiyo mitindo ya zamani zaidi, hizi zenye upinde juu zilikuja baadae na zina mkono wa Kihindi, Gujarati huko. Halafu tazama miimo, minyororo inayopanda pembeni, samaki, mayungiyungi, utakuta mafundi wawili wamechonga mnyororo ule ule na kila mmoja ana mkono wake. Misumari ya shaba nayo ni ya kutazama, asili yake India. Beit al Ajaib, lile jumba la kifalme la hapa mjini, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo ulizia kwanza kama kunaingilika usije ukafunga safari kwa ajili yake.

Na muhimu kuliko yote, mafundi wako hai. Wapo wanaochonga masanduku na milango mpaka leo, ukifika na patasi zako mkononi na ukajitambulisha fundi kutoka Amu utapokewa tofauti na mtalii. Mtalii anauliza bei. Fundi anauliza huu mti umeukausha muda gani, na hapo mtu anavuta kibao anakwambia kaa. Mimi si fundi lakini mjomba wangu ni fundi na nimeliona hilo likitokea kwa fundi mmoja aliyetoka Comoro, walikesha wanabishana juu ya kiungo tu cha mbao.

Konda_Mstaafu (Mombasa)

Naona wote mnazungumza mapenzi hakuna anayemwambia karatasi. Sikiza. Tanzania si kama Uganda, kitambulisho peke yake hakikuvushi Horohoro, upande wa Tanzania wa mpaka wa Lunga Lunga, ukitaka raha uwe na pasipoti. Omba eCitizen na uanze mapema sana, maana vijana wa huku kwetu wakati mwingine wanarudishwa rudishwa kuulizwa cheti hiki na kile cha mzee, usikate tiketi kabla hujaishika mkononi. Visa huhitaji, sisi ni Afrika Mashariki.

Pili chanjo ya homa ya manjano. Kadi ile ya manjano utaulizwa, na Unguja ndio kabisa. Ichome siku kumi kabla ya kuvuka au zaidi, ukichanja juzi haihesabiki. Ukishaichoma umemaliza, tangu 2016 cheti chake ni cha maisha, kiweke na pasipoti pamoja.

Njia yenyewe rahisi, Mokowe, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, hapo unapumzika, kisha basi la Dar linapita Lunga Lunga na Tanga. Pesa badilisha dukani, wale wanaokimbilia dirisha la basi na mabunda wapite tu. Kutoka Dar feri za mwendo wa kasi kama saa mbili uko Unguja. Kilwa ni kusini ya Dar kama kilomita 300, basi likikushusha Nangurukuru unachukua gari dogo mpaka Kilwa Masoko, pale unapata kibali ofisini halafu unavuka Kilwa Kisiwani kwenye magofu kwa mashua.

Bajuni_Halisi

Haya nimewasikia. Lakini Kilwa anafuata nini? Yeye fundi wa mbao, kule magofu.

MalindiYaUnguja

Kweli mbao hatakuta, zimekwisha zamani. Lakini Husuni Kubwa, gofu la jumba la kifalme pale juu ya bahari, karne ya 14, wamelichonga jiwe la matumbawe kwa nakshi na maandishi, na ukutani unaona mtu aliyepima kabla hajachonga, mistari haipotei. Fundi wa mbao ana mengi ya kusoma kwenye jiwe. Na mtu aone pia ukubwa wa ulimwengu wetu ulivyokuwa, sarafu ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imeokotwa Great Zimbabwe, huko bara ndani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akausifu mji. Mimi nilipokwenda nilirudi nikawa natembea mtaani kwetu kwa namna nyingine, nikaanza kuuliza nyumba hii ya nani, ilijengwa lini, maswali ambayo sijawahi kuyauliza na nimezaliwa hapa. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya safari kuliko hata hayo niliyoyaona huko.

BiKhadija_Shela

Mwanangu mimi nizungumze hilo la ami kwa sababu wote wamelikwepa. Usiende kwake na maneno ya twiga na masultani, atakuona umekwenda kusomeshwa na watu wa simu. Ami yako ni fundi. Mketie baada ya alasiri akiwa hana kazi mkononi, umuulize, ami, katika nakshi za Unguja ni kitu gani wewe umetaka kukijua siku zote na hukupata wa kukwambia? Halafu unyamaze umsikize. Akikujibu basi mwambie mimi nitakwenda nikutazamie.

Na pesa usiibebe yote. Nusu nunua mbao kama alivyosema, ziache karakana zikauke ukiwa safarini, zitakungoja. Yeye ataona umemsikiza na wewe utasafiri na radhi yake, maana safari bila radhi ya mzee mimi siipendi. Mamako mwambie unaoa ukirudi, na umaanishe.

FundiLangoni (Lamu)

Wadau nimerudi, siku kadhaa nilikuwa kimya nikitafuta wakati mzuri. Bi Khadija Mungu akuweke. Nilimuuliza ami kama ulivyonambia, akanyamaza sana nikadhani amekasirika, kisha akachukua penseli akaanza kunichorea kwenye kipande cha plaiwudi. Kumbe yeye na marehemu babu walikuwa wakibishana miaka juu ya mfaa wa milango ya Unguja, ule mti wa kati unaosimama wima, jinsi unavyokaa katikati ya mbawa mbili, babu akisema umepigiliwa misumari peke yake na ami anasema lazima kuna kiungo kimefichwa nyuma. Hajawahi kupata mlango mkongwe wa Kiunguja akautazama upande wa ndani. Amenipa kipimo chake cha shaba niende nacho na amesema nimpimie upana wa mfaa kwenye milango isiyopungua kumi, na nimchoree nyuma yake.

Mbao tumekwenda kununua pamoja, nusu. Pasipoti nimeanza kuomba. Kilwa nimeiweka kama nauli itabaki, Nahodha nimekusikia, Unguja nitakaa.

Swali langu la mwisho, patasi zangu nizibebe? Ziko kali na nyingi, isije ikawa tatizo mpakani au kwenye feri. Na mwezi gani hauna mvua huko?

Konda_Mstaafu (Mombasa)

Beba chache zile unazozipenda, zikunje kwenye kitambaa kizito uzifunge, ziweke kwenye begi la chini ya basi usizishike mkononi, na mtu wa forodha akiuliza mwambie kazi yako mara moja bila kusita. Kwenye feri begi linakaguliwa, watajie kabla hawajaziona.

MalindiYaUnguja

Masika huku ni Machi mpaka Mei, epuka. Juni na Julai pazuri, jua halichomi, ila kusi huwa na nguvu na feri inayumba, usile sana kabla ya kupanda. Mjomba nimemsomea uzi huu wote. Anasema kuhusu mfaa hatasema nani ameshinda kati ya babu na ami, ana mlango mmoja mkongwe umeletwa kutengenezwa, umelazwa chini, mgongo juu. Hautaanza kurekebishwa mpaka mvua ziishe. Ukipata pasipoti nitumie ujumbe nikuelekeze karakana iko wapi.