Mkulima alipwe kwa kutochoma mabua?

Baba Neema, Tabata
Mdogo wangu ana ekari sita za mahindi Kilosa. Wamemjia watu na mkataba: asichome mabua, asipitishe trekta, achanganye mbaazi na mahindi. Kaboni itakayobaki udongoni, badala ya kupanda hewani kama gesi inayopasha dunia joto, itauzwa nje kwa wanaotaka kufidia gesi wanazotoa wao, yeye apewe mgawo. Kanuni za biashara ya kaboni zipo nchini tangu 2022, kwa hiyo sisemi ni utapeli. Lakini mkataba ni wa miaka ishirini. Aweke sahihi?

Fundi Udongo, Kimara
Aweke. Udongo wa dunia umebeba kaboni kuliko hewa na mimea yote kwa pamoja. Wafaransa walianzisha mpango wao wa nne kwa elfu, 2014 kama sikosei: kaboni ya udongo iongezeke sehemu nne katika elfu kila mwaka. Sisi kinachotukwamisha ni uvivu. Mtu akiona mabua anatafuta kiberiti.

Mjukuu wa Kilosa
Uvivu? Kaka, umewahi kulima ekari moja kwa jembe la mkono ukaimaliza? Babu yangu alichoma mabua kwa sababu funza wa mabua hujificha humo wakisubiri mvua ya mwaka unaofuata. Alichoma kwa akili. Futa hilo neno.

Fundi Udongo, Kimara
Sifuti. Funza wana dawa nyingine. Kuzungusha mazao, kwa mfano.

Dada Mpimaji, Ubungo
Mpango wa Ufaransa ulizinduliwa Paris 2015. Na Baba Neema, waulize watapima kina gani. Shamba lisilotifuliwa hurundika kaboni juu juu. Ukipima sentimita 15 unaona ongezeko kubwa, ukishuka hadi 60 tofauti hupungua, pengine isionekane kabisa. Halafu siku plau ikirudi, vijidudu vinaanza kuila na inapanda hewani. Mnunuzi atataka fedha yake kwa nani?

Kijana wa Mbagala
Mimi nimeishia kwenye "uvivu". Hao mnaowaita wavivu ndio wanaowalisha. Kama ni gesi, tuanze na sahani ya wali ya huyo wa Kimara. Mpunga ukikaa kwenye maji yaliyotuama, udongo unakosa hewa na methani inatoka humo. Mbona hatuwaiti walaji wa wali wavivu?

Mama Samadi, Jangwani
Wali umeingiaje hapa, mwanangu? Kwanza majaruba yakikaushwa kwa zamu methani inapungua sana, na maji yanabaki ya kesho.

Fundi Udongo, Kimara
Yakikaushwa ndipo nitrasi oksaidi inapopanda, mama. Hiyo gesi, kilo kwa kilo, inapasha dunia joto mara 273 ya kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Msisifie nusu ya hesabu.

Mama Samadi, Jangwani
Inapanda, lakini mara nyingi haifuti faida ya methani iliyopungua. Hesabu yote ndiyo hiyo. Na ukitaka kuisaka hiyo gesi, nenda kwa anayemwaga urea nyingi kuliko mmea unavyoweza kunywa. Nalima mchicha bondeni Msimbazi, naona wenzangu wanavyomwaga kwa kikombe. Na mabua nayo yana lake: ukiyafukia makavu bila samadi, vijidudu vinaichukua nitrojeni yote kwanza, mahindi yanakuwa njano. Mkulima akiona hivyo mwaka mmoja, mwaka wa pili anachoma. Utamlaumu?

Mjukuu wa Kilosa
Shikamoo mama. Umesema yote. Sasa aliyetuita wavivu yuko wapi?

Fundi Udongo, Kimara
Nipo. Nimelelewa Ifakara, mama yangu alilima mpunga mpaka mgongo ukapinda. Niliwasema wanaochoma, sikumsema kila mkulima.

Mjukuu wa Kilosa
Babu yangu alichoma. Kwa hiyo ulimsema.

Baba Neema, Tabata
Ndugu zangu, nimempigia mdogo wangu. Anasema hata asipochoma, wiki ya pili baada ya mavuno ng'ombe wa watu wanaingia shambani na mabua yanakwisha. Kuwazuia ni kutafuta ugomvi, na Kilosa ugomvi wa aina hiyo umeshaua watu. Mkataba unasema mabua yabaki. Hausemi yakiliwa inakuwaje.

Kijana wa Mbagala
Sasa tumefika kwa wafugaji. Hapo wa Kimara atawaita nani?