Kuunganisha na kupaka rangi vigari vya modeli Dodoma, vumbi hili mnalimudu vipi?

mkazi_wa_Ilazo
Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, kazi yangu ya ofisini kule Mtumba, kutwa nzima kompyuta na mafaili, nikirudi nyumbani nataka kitu cha kufanya kwa mikono taratibu kisicho na bosi wala simu. Kaka yangu kaniletea seti ya kuunganisha ya Tamiya (kampuni ya Kijapani ya modeli), Land Cruiser 80, skeli ya 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, vipande bado vipo kwenye fremu zake sijakata hata kimoja, nimesema niulize kwanza. Swali langu kubwa ni rangi. Ebrashi (kale kabomba kadogo ka kupulizia rangi) na kompresa yake sina na kwa sasa sinunui, je rangi za kopo za kupuliza za hadwea zinafaa kwenye plastiki hii? Mdogo wangu wa kike anasema nitumie rangi ya kucha. Halafu vumbi letu mnalijua, hapa kwetu ukifuta meza asubuhi, ikifika saa 4 unaandika jina lako juu yake, sasa bodi yenye rangi mbichi si itakuwa msasa? Wenye uzoefu naombeni muongozo, haraka sina kabisa, hata ikichukua miezi ni sawa tu.

spreya_wa_Majengo
Karibu sana mkuu. Mimi kazi yangu ni kupuliza rangi magari ya kweli na jioni nacheza na haya madogo, kwaiyo hapa nina la kusema kidogo.

Kwanza rangi ya kucha, hapana. Plastiki ya hizo seti ni polistairini, na kimiminika kinachobeba rangi ya kucha kinaila, asetoni ya kufutia ndo inaiyeyusha kabisa. Mwachie dada yako. Rangi za kopo za hadwea zinafaa baadhi, zingine tina yake ni kali, unapuliza unaona bodi inafanya mikunjo na vinyufa. Usibahatishe. Chukua kijiko cha plastiki cha kutupa, kile cha kwenye mashughuli, kiangalie kama kina pembetatu yenye namba 6 au herufi PS, hiyo ni polistairini ile ile ya kwenye seti yako. Pulizia kijiko, acha mpaka kesho. Kikibaki laini na rangi haibanduki kwa kucha, endelea. Na praima, ile rangi ya chini ya kutangulia, usiiruke, hata kama rangi ni nyeupe, praima ndo inashika plastiki na ndo inakuonyesha mikwaruzo ambayo hukuiona.

Sasa vumbi. Watu wengi wanafikiri vumbi linaletwa na upepo tu, kumbe hewa yetu kavu hii ya kiangazi inafanya plastiki ivute vumbi yenyewe. Ukiifuta bodi kwa kitambaa kikavu unaipa chaji ya umeme, kila unyuzi ulioko chumbani unakuja kukaa pale, na ukifuta tena ndo unazidisha. Dawa yake ni kuosha. Maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, sugua mpaka kwenye mistari ya milango, suuza, kung'uta, iache ijikaukie yenyewe chini ya boksi. Hiyo sabuni inaondoa pia mafuta ya kiwandani ya kutolea plastiki kwenye kalibu, maana yakibaki rangi inakimbia inaacha vishimo.

Siku ya kupuliza amka mapema, saa 12 na nusu asubuhi hivi kabla upepo haujaamka, fanyia nje au kwenye veranda na uvae barakoa. Mwagia maji sakafu ili vumbi lilale. Kopo litumbukize kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, vuguvugu tu, usilisogeze karibu na moto hata siku moja, presha inakuwa nzuri na rangi inatoka laini. Vitabu vingi vinasema umbali wa sentimita 20 mpaka 30, lakini hapa kwetu jua likishachomoza rangi inakauka hewani kabla haijafika, inatua kama unga, mimi nasogea mpaka 15 hadi 20. Anza kupuliza kabla ya bampa ya mbele umalizie ukishapita ya nyuma, usianzie wala kuishia juu ya bodi. Mikono (yaani tabaka za rangi) mitatu minne miepesi, usitake ing'ae mkono wa kwanza. Ukimaliza tu funika na boksi au ndoo iliyogeuzwa, na usiichungulie. Kile kikopo cha soda unachoibandikia bodi ili uishike, kijaze mchanga kidogo kisianguke.

Msimu wa mvua tatizo linageuka, hewa ikiwa na unyevu rangi ya laka inaweka ukungu mweupe juu, siku hiyo unganisha injini na viti, rangi isubiri jua.

mama_makopo
Spreya kasema vizuri sana, naongeza kwa ambao hawana kaka wa kuwaletea seti, maana naona kila mtu akiuliza hii starehe anaambiwa anunue kwanza. Sisi tumekua tunatengeneza magari ya mabua na ya waya, matairi ya kandambili, ile akili bado ipo mikononi. Mimi natengeneza kwa kadibodi ya boksi za viatu na plastiki za ndoo zilizopasuka, na naheshimu skeli vilevile. Hiace ile ya kawaida ya daladala urefu wake ni milimita 4695 na upana 1695, gawa kwa 24 unapata sentimita 19 na nusu kwa 7 hivi, basi hapo una gari ya kukaa pamoja na Land Cruiser ya huyu ndugu kwenye shelfu moja na zikaendana. Basi la mita 12 kwa skeli hiyo ni nusu mita, mimi hayo nayafanya kwa 1/43 yanakuja kama sentimita 28.

Kadibodi inakunywa rangi, kwaiyo ipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, ikauke, piga msasa namba 400, rudia, halafu ndo praima. Ukifanya hivyo hata mtu akishika haamini kama ni boksi la viatu. Kromu ya taa natumia ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakti ya sigara, naiokota tu, sivuti. Na mchoro wa Hiace sihitaji kuutafuta mtandaoni, naenda stendi na rula na daftari, makondakta wameshanizoea, wananishikia mwisho wa futi.

Z_nyekundu
Mama makopo tupostie picha ya hilo basi tafadhali!

Mkazi wa Ilazo, kwenye Land Cruiser yako mimi naona vumbi la Dodoma usilikimbie lote. Bodi ikishakauka kabisa na umepiga vanishi, rudisha udongo wetu wenyewe. Mimi nina Datsun 240Z ya seti ya Hasegawa, ile nyekundu yenye boneti nyeusi iliyoshinda mbio za magari za Safari 1971, enzi hizo rali ikiwa ya Afrika Mashariki nzima, na kwangu ikikaa safi inaonekana ya dukani. Nilichota udongo mwekundu wa njia ya Kondoa, nikaukausha juani, nikauchuja kwa soksi ya nailoni mpaka ukabaki poda. Mchanga wa kawaida kwenye skeli ya 1/24 punje yake ni jiwe, kwaiyo hapo kwenye kuchuja ndo penye kazi. Unapakaa kwa brashi laini chini ya milango, ndani ya matairi, nyuma ya magurudumu ya nyuma ndo linarukia zaidi, kwenye kioo unaacha upinde wa waipa pakiwa safi. Kulishika unadondoshea gundi nyeupe iliyolainishwa na maji mengi, tone moja moja kwa kijiti cha meno. Usiweke sawasawa kila mahali, angalia tu Land Cruiser yoyote inayoingia mjini kutoka vijijini, utaona vumbi linakaa wapi.

mkazi_wa_Ilazo
Aisee asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Kijiko chenye PS nimekipata jikoni tayari. La mwisho, vioo. Gundi niliyonayo ndani ni supaglu tu, nitumie?

spreya_wa_Majengo
Kwenye vioo usitumie mkuu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayoona na hautoki kirahisi. Vioo na taa weka gundi nyeupe hiyo hiyo ya mama makopo, ikikauka haionekani na ikizidi unaifuta na maji. Bodi na chasisi tafuta gundi ya modeli yenyewe, ile nyepesi kama maji, haibandiki tu bali inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili zikashikana kuwa kitu kimoja. Shikilia na vibanio vya nguo, uache usiku kucha. Na vioo vifunge mwisho kabisa baada ya rangi na vanishi, hao wanaovifunga mapema ndo wanaohangaika na tepu ya karatasi.

mama_makopo
Z_nyekundu picha naweka Jumamosi mchana, sasa hivi mwanga hautoshi. Mkazi wa Ilazo na wewe weka ya kijiko, tujue hiyo rangi ya kopo imekubali au imekataa, kuna wengine hapa tunanunua hadwea hizo hizo.